Lilivumilia ukame, likafa kwa maji: kisa cha waridi la jangwani, Maungu

Mapema Desemba 2023 mama mkubwa alinipigia simu kutoka Maungu. Kwa kawaida salamu zake ni ndefu: aulize watoto, aulize kazi, aulize kama Mombasa kumenyesha. Siku hiyo aliyaruka yote. "Mwanangu, lile ua langu limelegea. Nimelishika shina, kidole kikazama kama kwenye papai lililoiva."

Nilijua hapo hapo kwamba ua limekwisha. Waridi la jangwani likiwa zima, shina lake huwa gumu kama kiazi kikuu kibichi. Likilainika, ndani kumeoza siku nyingi na dalili ya nje ndiyo iliyochelewa kufika. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ushauri wa kulihamisha niliutoa mimi, kwa simu, bila kukanyaga pale shambani.

Maungu iko kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, baina ya Voi na Mackinnon Road. Udongo ni mwekundu, migunga na vichaka vya miiba vimetapakaa, na mvua ni ya kubahatisha. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika Pembe ya Afrika, na huku kwetu tuliuona ukame ule kwa macho: ng'ombe walikufa, mahindi hayakufika magotini. Katika ploti ya mama mkubwa, kichaka kimoja kisichofika urefu wa mtu kiliendelea kutoa maua ya waridi kila kiangazi. Kilikuwa hakina jani hata moja. Matawi yalikuwa ya kijivu, manene, kama vidole vilivyovimba, na nchani mwake maua yamejaa utadhani yamechomekwa na mtu.

Yeye alikikuta pale alipoolewa. Mama mkwe wake alimwambia neno moja tu kukihusu: watoto wasikiguse. Jina hakumpa.

Septemba 2023 fundi alikuja kupima msingi wa nyumba, na kichaka kikaangukia katikati ya chumba cha kulala. Mama mkubwa akakionea huruma. Akanitumia picha, akaniuliza ni ua gani na kama linahamishika. Nikamjibu kwa sentensi mbili: ni waridi la jangwani, lichimbue ulipande kwenye debe, litashika tu. Baada ya wiki moja akanitumia picha nyingine ya donge la kijani lililokaa chini ya mgunga mpakani mwa ploti. "Na huyu ni mwanawe?" Niliitazama picha kwa haraka nikiwa ndani ya matatu, nikaona shina lililovimba, nikaandika "ndiyo". Akalichimbua na hilo.

Kwa hiyo kufikia Oktoba alikuwa na madebe mawili kando ya tangi la maji. Ni mtu wa kupenda mimea, na akipenda kitu hukihudumia. Kila jioni kata moja huku, kata moja huku. Mwezi huo huo vuli ikaanza, na haikuwa vuli ya kawaida: ilikuwa ile ya El Niño, iliyofurika mito na kukata barabara sehemu nyingi za Kenya. Madebe yalikuwa chini ya ukingo wa bati. Maji ya paa yote yaliishia humo.

Nilisafiri Jumamosi iliyofuata, na kazi ya kwanza ikawa ile niliyotakiwa kuifanya Septemba: kuitambua mimea kwa kuishika.

Debe la pili ndilo lililonishangaza, maana mmea wake ulikuwa mzima kabisa. Lakini haukuwa mtoto wa waridi wala jamaa yake wa karibu. Ulikuwa donge la kijani lenye vinundu, na juu yake matawi marefu ya kijani yenye miiba migumu, yanayojipinda na kutafuta pa kuegemea. Waridi la jangwani halina mwiba hata mmoja. Huo ulikuwa Adenia globosa, mmea wa nyika zetu hizi hizi, na ukoo wake ni ule wa pasheni. Maua yake ni madogo na hayana umbo lile la tarumbeta la waridi. Mama mkubwa angeweza kuumwagilia miaka kumi akisubiri ua la waridi ambalo mmea huo hauna.

Majina yenyewe yanachanganya hata wasomi: waridi la jangwani kwa jina la kitaalamu ni Adenium obesum, mwenzake ni Adenia. Yote mawili yanarudi kwenye safari ya mtu mmoja, Pehr Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya kitaalamu ya mimea. Forsskål alikwenda Yemen na msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark, akafia huko mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa baada ya kifo chake, mwaka 1775. Humo alilipa waridi la jangwani jina Nerium obesum, yaani aliliweka pamoja na oleanda, ile inayopandwa kwenye bustani za mjini, na akaongeza neno la Kilatini lenye maana ya "nene". Mwaka 1819 ndipo mmea ulipopewa jenasi yake wenyewe, yaani kundi lake dogo ndani ya ukoo. Forsskål hakukosea sana: Adenium na oleanda ni ukoo mmoja, Apocynaceae, na ukoo huo huo ndio wa mbungo. Sisi watu wa pwani tunaokunywa juisi ya mabungo tusidanganyike na undugu huo. Ndugu mmoja anatulisha, mwingine anaua.

Nikamketisha mama mkubwa kwenye kigoda, nikaleta tawi moja lililokuwa bado gumu, na tukaenda mpakani kuliangalia waridi jingine kubwa lililobaki porini, ambalo kwa bahati hakuna aliyeligusa. Tulilichunguza karibu saa nzima. Saa hiyo ilinifundisha jambo ambalo sikuwahi kulipanga kichwani, ingawa nimeotesha miche ya namna nyingi: kila alama inayokutambulisha mmea huu ni agizo la namna ya kuutunza. Nilipomtumia jina bila alama zake, nilimpa jina tupu.

Alama ya kwanza ni unene wa shina, mpana chini, umeingia ardhini kama chupa iliyofukiwa nusu. Hiyo ni ghala ya maji. Mmea wenye ghala hauhitaji kuletewa kata kila jioni. Ghala likiwa limejaa na udongo nao umeloa usiku na mchana, mizizi hukosa hewa, kuvu huingia, na uozo hupanda juu kwa ndani.

Ya pili ni matawi kuwa matupu wakati wa maua. Majani ya waridi la jangwani huota kwa mzunguko nchani mwa matawi tu, yanang'aa, membamba kwenye kikonyo na mapana kuelekea ncha. Kiangazi yanadondoka. Mtu asiyejua hudhani mmea unakufa, akaongeza maji. Kumbe jani ndilo linalopumua maji nje. Mmea usio na majani karibu haunywi. Maji unayoumwagia wakati huo hayaendi popote, yanakaa debeni yakioza pamoja na mizizi. Mama mkubwa alinikatiza hapo. "Kwa hiyo lilipokuwa uchi ndipo nililipa maji mengi kuliko siku zote." Ndivyo ilivyokuwa.

Kisha ua lenyewe: petali tano, mrija katikati, koo lenye rangi iliyofifia, na ukichungulia ndani ya koo unaona nyuzi ndefu zenye vinyweleo zilizosokotana. Hizo ni ncha za stameni, sehemu za ua zinazobeba chavua. Kwa kuwatambulisha watoto nyumbani, hiyo ndiyo alama ninayoipenda, kwa sababu wakiiona mara moja hawaisahau. Kwa mkulima haina mengi ya kusema, isipokuwa kwamba chavua imefichwa ndani sana, na ua lililokaa kibarazani mjini mara nyingi halipati mdudu wa kulifikia. Ndiyo maana waridi nyingi za kwenye vyungu huchanua miaka bila kuzaa.

Lililo porini lilikuwa limezaa. Maganda mawili mawili, yameungana kwenye kikonyo na kuachana kama pembe za mbuzi. Ganda likikauka hupasuka kwa urefu, na mbegu hutoka zikiwa na umbo la punje ndefu, na kishungi cha nywele kila mwisho. Nawaomba wanaotambua mimea waikumbuke sifa hiyo ya vishungi viwili. Upepo ukiipiga mbegu ya namna hiyo, huiinua na pia huivingirisha ardhini. Mbegu inayosafiri juu ya mchanga wa moto inatarajia kuotea juu juu, kwenye udongo mwepesi, mahali penye jua kali. Hapo unajua kwamba hutakiwi kuichimbia shimo wala kuiwekea kivuli cha kutwa.

Ya mwisho ni utomvu. Kata tawi uone: unatoka, unanata, na usiulambe wala usiuguse macho. Una sumu inayoshambulia moyo. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, wamekuwa wakiutumia mmea huu kutengeneza sumu ya mishale ya kuwindia. Mama mkwe alipowakataza watoto wasiguse alikuwa anajua anachosema, ingawa hakueleza. Tukakubaliana pale pale kwamba mimea itakaa juu ya ukuta wa tangi, mbali na wajukuu na mbuzi, na kila anayekata tawi avae glovu na anawe mikono kwa sabuni.

Baada ya hapo tukarudi kwa mgonjwa. Nililing'oa shina kutoka debeni na mizizi ikabaki ndani, imekuwa ute. Nilikata kwa kisu kikali kipande kwa kipande nikipanda juu, nikikifuta kisu kwa spiriti kila mara, nikitafuta mahali ambapo nyama ya shina ni nyeupe bila doa la kahawia. Shina kuu lote lilikuwa limeoza. Ukiona doa dogo tu la kahawia katikati endelea kukata, kwa maana doa hilo litashuka au litapanda baada ya wiki mbili na utakuwa umepoteza hata hicho kidogo. Tulipata ncha tatu safi, kila moja urefu wa kiganja.

Hapa pia ndipo kosa langu la pili la Septemba lilipoonekana. Nilisema "lichimbue ulipande", bila kutaja siku za katikati. Mmea mnene uliokatwa mizizi una kidonda, na kidonda kibichi kikiwekwa kwenye udongo wenye maji huoza. Ulitakiwa kulala kivulini wiki moja au mbili, jeraha likauke na kufunga ngozi, ndipo upandwe kwenye mchanga mkavu, na maji ya kwanza yaje baada ya siku kadhaa. Zile ncha tatu tuliziweka juu ya gunia stoo kwa siku kumi. Mbili zilishika, moja ikasinyaa.

Vipandikizi hivyo viwili ni wazima hadi leo, lakini sivyo ninavyompendekezea mtu anayeanza. Waridi lililotokana na tawi huota na kuchanua, ila tumbo lile nene la chini huwa shida kulipata. Linalotokana na mbegu huanza kunenepa tangu likiwa na wiki chache.

Kwa hiyo tukageukia mbegu. Yale maganda ya mpakani tuliyazungushia kipande cha chandarua kilichochanika na kuyafunga kwa uzi, kwa sababu ganda hupasuka bila kuaga na mchana mmoja wa upepo unatosha kuzipeleka mbegu zote Tsavo. Mwanzoni mwa Februari 2024 yalipasuka ndani ya chandarua. Tulipata mbegu sitini na kitu. Hatukuziweka hata wiki moja, kwani mbegu ya mmea huu hupungua nguvu kadiri inavyokaa, na Februari ni mwezi wa joto, nao unapenda joto ili uote.

Udongo tulichanganya hivi: mafungu mawili ya mchanga mnene wa mtoni uliooshwa, fungu moja la udongo mwekundu wa pale pale, na konzi chache za makaa yaliyopondwa. Samadi sikuiruhusu kwenye kuotesha. Huhifadhi unyevu na kuleta kuvu, mmea ukishakua ndipo unapewa kidogo. Trei zetu zilikuwa madumu ya mafuta ya kupikia yaliyokatwa ubavuni na kutobolewa matundu mengi chini. Mbegu tulizilaza kwa ubavu na kuzifunika kwa mchanga mwembamba, kiasi cha kuzificha tu. Maji kwa kunyunyiza asubuhi, jua la asubuhi, neti nyepesi ya kivuli saa za adhuhuri kwa wiki mbili za kwanza.

Siku ya tano zilichipua. Mama mkubwa alinitumia picha alfajiri, kabla jua halijachomoza vizuri, na safari hii niliitazama kwa makini: tayari kila kichipukizi kilikuwa na kijishina kilichovimba kama tone.

Masika ya 2024 nayo ilikuja na mafuriko, Aprili na Mei, na ndiyo iliyokuwa mtihani. Tuliihamishia miche yote chini ya karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, pande zote wazi ili upepo upite. Zile zilizokuwa ukingoni zilirushiwa maji na nyingi zikaoza. Nyingine zilivamiwa na vidukari wa manjano, wale wale wanaoshambulia oleanda, wakajikusanya kwenye ncha changa. Tuliwaondoa kwa maji ya sabuni na kitambaa. Kufikia Juni tulikuwa na miche thelathini na moja. Nusu ya tulichoanza nacho, na mimi naona ni matokeo mazuri kwa mwaka wenye mvua namna ile.

Kisha Julai ikaja na baridi yake ndogo ya huko, na majani yakaanza kugeuka manjano. Simu ikalia.

"Mwanangu, wanakufa tena."

"Mashina yakoje, mama mkubwa?"

Nikasikia hatua zake, kimya kidogo. "Magumu."

"Basi wamelala. Usiwaamshe."

Alikubali, lakini ilimpa shida. Mtu aliyepitia ukame wa miaka miwili, aliyeona mifugo ya jirani ikianguka kwa kukosa maji, kumwambia asimpe maji kiumbe kinachopukutisha majani si jambo dogo. Nilimwomba awape kikombe kimoja tu kila baada ya wiki tatu kwa vile walikuwa bado wachanga. Mti mkubwa ningemwambia asiupe kitu. Novemba mvua ziliporudi, majani yakarudi. Septemba 2025 mche wa kwanza ulichanua, miezi kumi na tisa tangu kupandwa. Maua yake yamefifia kuliko ya mzazi, karibu meupe katikati na ukingo wa waridi. Miche ya mbegu haifanani na mama yake kikamilifu, na mama mkubwa kwanza alidhani amekosea kwa kukosa mbolea.

Kuna jambo la pembeni ambalo siwezi kuliacha. Miche ilipoonekana ukutani, mtu mmoja anayeuza maua barabarani alikuja kuuliza kama anaweza kuonyeshwa "yanakoota makubwa". Wanunuzi wa mjini wanataka tumbo nene leo, hawana subira ya miaka, na njia ya mkato ni jembe. Ndani ya Tsavo kung'oa mmea ni kosa kisheria, na nje ya hifadhi kila shina nene linalochimbuliwa ni mti uliochukua miaka mingi kuwa hivyo, ambao aghalabu hufa kwa mnunuzi kama ulivyokufa wa kwetu. Ukiwa sokoni, geuza chungu utazame. Lililochimbuliwa porini lina ngozi iliyochakaa na makovu upande mmoja, mizizi minene iliyokatwa kwa panga, na mizizi myembamba ni michache au hakuna. Lililooteshwa kwa mbegu lina ngozi laini, na ukilitikisa limeshika udongo wake. Yule muuzaji tulimpa miche mitano kwa bei ya chini na tukamfundisha kuyafunga maganda kwa chandarua. Amerudi mara mbili kununua mingine, jembe hajalitaja tena.

Lile waridi kubwa la mpakani halijahamishwa. Fundi wa uzio alitaka kupitisha nguzo pale pale. Mama mkubwa akamwambia arudi nyuma hatua mbili, yeye yuko radhi kuipoteza ardhi hiyo. Adenia tuliirudisha chini ya mgunga wake, baada ya kuikausha siku kumi na mbili, na imeshika: miiba yake imetanda kwenye waya na mbuzi hawapiti upande ule.

Vile vipandikizi viwili bado vyembamba kama kidole gumba. Anataka kuvipanda chini, mbele ya nyumba mpya. Nimemwomba angoje mvua zipite, tuinue kwanza tuta la mchanga na kokoto kiasi cha goti, ndipo tuvitoe kwenye madebe.